Bakteria walitibiwa kwa siku 14, hofu ikakaa miezi minane

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie jambo ambalo naamini limewapata wengi ingawa wachache hulisema, yaani hofu inayombakia mtu baada ya kuambiwa kwamba ana bakteria wa tumbo. Kwangu mimi hofu hiyo ilidumu kuliko bakteria wenyewe.

Mwaka jana, baada ya wiki kadhaa za kiungulia na tumbo kujaa gesi, nilikwenda katika zahanati moja ya binafsi hapa Morogoro, ambayo sitaitaja kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu. Nilitolewa damu, nikasubiri kwenye benchi, kisha nikakabidhiwa kikaratasi kisichozidi ukubwa wa tiketi ya basi, kilichoandikwa kwa kalamu ya bluu kwamba H. pylori, yaani hao bakteria wa tumbo, imeonekana. Daktari, ambaye foleni yake ilikuwa imefika mlangoni, aliniandikia omeprazoli ya kupunguza asidi tumboni, pamoja na antibayotiki mbili, amoksilini na klarithromaisini, zote za siku 14, akasema, "Usikatishe dozi, mama, wadudu hawa wakiachwa huleta saratani." Nilitoka chumbani humo kabla dakika tatu hazijatimia. Habari ya dozi niliielewa, lakini neno nililokwenda nalo nyumbani lilikuwa saratani.

Dozi niliimaliza yote, mdomo ukiwa na ladha ya chuma tangu siku ya pili hadi ya mwisho, na kiungulia kikapungua. Hata hivyo nilianza kuamka saa nane za usiku kutazama ulimi wangu kwa tochi ya simu. Mchana nilijibonyeza chini ya chembe cha moyo nikitafuta uvimbe, nikajibonyeza mpaka pakaanza kuuma, na maumivu hayo yakawa ushahidi mpya. Niliacha pilipili, ndimu na maharage, kisha chai, kisha karibu kila kitu isipokuwa uji na ndizi za kuchemsha, nikapungua kilo tano. Na kupungua huko, ambako chanzo chake kilikuwa sahani tupu, nikakuchukulia kuwa saratani imeshaanza kazi yake. (Wanafunzi wangu wa darasa la sita wangeligundua kosa hilo kabla ya kengele ya mapumziko.) Karibu na stendi ya daladala kuna kijana mwenye mzani anayetoza shilingi 200 kwa kila anayepima uzito. Nilimpitia asubuhi na jioni, hadi siku moja akaikataa pesa yangu na kuniambia, "Mwalimu, mzani ni ule ule wa asubuhi, na wewe ni yule yule." Nyumbani nako nilijitengea kikombe na sahani, na baba watoto akawa anaulizwa kila jioni kama ananiona nimekonda.

Kilichonimaliza zaidi ni kurudia kipimo. Miezi miwili baada ya dozi nilipimwa damu tena, jibu likawa lile lile, nikanunua dozi ya pili duka la dawa bila cheti cha daktari. Nilipopima mara ya tatu bakteria "wakaonekana" tena, nikaanza kuwaza nani atawalea watoto wangu. Aliyenitoa humo ni tabibu wa hospitali moja ya serikali, aliyevuta kiti na kunieleza kwamba kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo mwili wenyewe huzitengeneza ukikutana na bakteria, na kwamba kingamwili hizo zaweza kubaki katika damu kwa miezi mingi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. "Mama, unapima kovu ukidhani ni kidonda," alisema. Anayetaka kujua kama amepona hupimwa choo kikubwa au pumzi, angalau wiki nne baada ya kumaliza antibayotiki na wiki mbili baada ya kuacha omeprazoli, kwa sababu akipima mapema bakteria waliobaki wanaweza wasionekane. Sikuwa nimeambiwa hata moja kati ya hayo, na dozi yangu ya pili ilikuwa sumu ya bure kwa mwili na pia njia ya kuwafundisha bakteria usugu wa dawa.

Tabibu huyo hakunificha kwamba neno saratani lina msingi. Ni kweli kwamba mwaka 1994 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliwaweka bakteria hawa katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na habari hiyo nilikuwa nimeisoma usiku kwenye simu mara zisizo na hesabu. Sikuwa nimesoma upande wa pili, kwamba takriban nusu ya watu wote duniani wameishi nao, wengi wakiupata uambukizo utotoni. Kwamba wengi wao hawapati dalili yoyote. Na kwamba katika kila 100 wenye bakteria hawa, wanaopata saratani ya tumbo ni mmoja hadi watatu. Pilipili niliyoinyima familia yangu haikuwa na hatia: visababishi vikuu vya vidonda vya tumbo ni bakteria hawa pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo wengi wetu huzimeza kama karanga. Nilipokuja kusoma kwamba daktari Barry Marshall wa Australia aliwanywa bakteria hao kwa makusudi mwaka 1984 ili kuthibitisha kwamba ndio wanaoliumiza tumbo, na kwamba yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, nilikitazama kile kikombe changu cha pekee kabatini nikacheka peke yangu.

Kipimo cha choo kikaonyesha sina bakteria. Nilifurahi kwa siku mbili. Siku ya tatu nikajiuliza: je, kama maabara walichanganya sampuli? Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ugonjwa niliobaki nao hautibiwi kwa majibu ya maabara, maana kila jibu jema lilinitaka nitafute jingine. Tabibu akanielekeza kliniki ya afya ya akili, ambako nilikwenda kwa aibu, nikiwa nimejifunga mtandio hadi kwenye macho. Huko niliambiwa kwamba wasiwasi wenyewe huvuruga tumbo, huleta gesi na kichefuchefu, na humfanya mtu asikie kila mnong'ono wa utumbo wake. Tulipatana niache mzani, niache tochi, nirudishe chakula kimoja kila wiki nikianza na maharage, na baba watoto asijibu tena swali la kukonda, bali aseme, "Hilo tulishakubaliana." Jibu hilo lilinikasirisha mno mwezi wa kwanza.

Sisemi watu wapuuze matumbo yao. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, anayekonda ilhali anakula, au anayepata shida kumeza, aende hospitali siku hiyo hiyo. Ninachowaomba wenye zahanati ni kwamba nyuma ya kile kikaratasi, ambako hakuna kitu, waandike mistari miwili: kipimo hiki ni cha nini, na cha kuthibitisha kupona kinafanywa lini na kwa njia gani. Nawe Mhariri, kwa heshima zote, utazame upya matangazo ya dawa za kumaliza vidonda vya tumbo kwa siku saba ambayo huchapishwa katika gazeti hili hili. Niliyakata mawili kwa mkasi na nikapiga simu kwa mmoja wa watangazaji, naye akaniuliza dalili zangu kwa muda mrefu kuliko daktari wangu wa kwanza, kisha akanitajia bei.

Mzani wa stendi bado upo. Juma lililopita nilimpita yule kijana nikiwa na kapu la sokoni, akanisalimia, "Shikamoo mwalimu," nikamwitikia, nikaenda zangu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
(Jina limehifadhiwa),
Morogoro.