Barua za wapiganaji wa Kagera zinaliwa na mchwa

Ndugu Mhariri,

Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, vijana wa Unguja na Pemba waliokuwa JWTZ nao walikwenda vitani, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 wengine walikuwa bado huko. Habari zao nyumbani zilikuja kwa barua.

Ami yangu alikuwa mmojawao. Barua alizomwandikia bibi, hapa Wete, zimo kwenye kopo la biskuti. Kaziandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, maana bibi alisoma chuo cha Kurani tu, skuli hakwenda. Vita humo huvioni, na askari hana ruhusa ya kutaja alipo. Anauliza karafuu zimekauka au zimenyeshewa uwanjani, nani kaposa, deni la dukani limelipwa? Moja kaijaza mpaka pambizoni, akimsihi mama yake asibabaishwe na ya redioni, yeye mzima. Wino umeshaanza kufifia na pembe mbili zimeliwa na mchwa.

Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, zimetunza hati za masultani na za wakoloni. Vyema. Basi na waje Pemba na kamera, wazipige picha barua hizi majumbani, kisha watuachie zetu. Kuzitoa moja kwa moja hatukubali, nasema kweli. Na waje upesi, maana wazee wanaozisoma herufi zile bila kukwama wanazidi kupungua.

Msomaji wako,
Wete, Pemba