Diploma anayo, karatasi ya Kasumbalesa haisomi

Bwana Mhariri,

Nimefundisha Kiingereza hapa Katuba, Lubumbashi, miaka 19. Juzi mpwa wangu, diploma ya taifa ya kumaliza sekondari mkononi, alikwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kutafuta kazi kwa wakala wa forodha. Wakampa karatasi ya Kiingereza ya mzigo uliotoka Zambia: mifuko ya mahindi, uzito, siku ya kufika. Akaishika muda mrefu, jasho likimtoka. Alichotambua ni tarakimu. Kazi akapewa mwingine.

Mtoto yule si mjinga. Kiingereza amekisoma miaka na miaka, nami najua alivyokisoma, maana hata mimi nafundisha hivyo hivyo: watoto 70 darasani, kitabu kimoja mezani kwangu, naandika ubaoni, wananakili. Kwenye Mtihani wa Taifa, ule wa kumaliza sekondari, insha ya Kifaransa wanaiandika, na Kifaransa cha mdomo wanaulizwa. Kiingereza ni kuchagua jibu lililokwisha kuandikwa. Basi miezi ya mwisho wanakariri maswali ya zamani, na wazazi wenyewe wananiomba niwape hayo tu.

Siombi mtihani ufutwe. Bila huo wengi wasingefungua daftari. Naomba mwanafunzi aandike walau barua fupi kwa Kiingereza, na aulizwe kwa mdomo dakika tano. Sisi Kongo tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Zambia iko karibu nasi kuliko Kinshasa. Mwaka ujao wa masomo, kila Ijumaa darasa langu litasoma karatasi za mizigo.

Mwalimu wa Kiingereza,
Katuba, Lubumbashi