YAH: MALALAMIKO KUHUSU UNGA WENU WA KUKUZIA NGURUWE

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vyakula vya Mifugo,
Mbeya.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mfugaji mdogo wa Uyole. Mwezi Mei nilinunua kwa wakala wenu wa Mwanjelwa pakiti 5 za unga ulioandikwa usoni "virutubisho vya kukuzia nguruwe". Alinielekeza nichanganye kijiko kwenye kila debe la pumba na mashudu, kila siku, hata kama nguruwe ni wazima. Akaongeza kuwa ni kinga ya homa ya nguruwe. Sisi tuliowahi kuona banda zima likiisha, tukisikia neno kinga mkono unaenda mfukoni wenyewe.

Juni, baridi ilipokaza, watoto 19 niliowaachisha kunyonya walianza kuhara. Ofisa mifugo akawachoma OTC, sindano ya antibaiotiki, yaani dawa ya kupambana na bakteria, ambayo miaka yote imetuokoa. Siku ya tatu hakuna nafuu. Wakafa 7. Ndipo akaniuliza nawalisha nini, nikamletea pakiti. Akaigeuza, akasogea mlangoni penye mwanga, akasoma maandishi ya Kiingereza madogo kama punje za ulezi: oksitetrasaikilini. Dawa ile ile aliyokuwa anachoma! Akanieleza kwamba dozi ndogo ya kila siku huua vijidudu dhaifu na kuwaachia nafasi vile sugu vizaliane. Kama ndivyo vilivyoua wangu, hakuna aliyepima, na sitasema nina ushahidi. Nasema sikuambiwa kwamba nalisha dawa.

Hiyo homa ya nguruwe husababishwa na kirusi. Haina tiba, na antibaiotiki haigusi kirusi. Mfugaji akidanganywa kuwa ana kinga, ataacha kuchemsha makombo ya hotelini na kila mchuuzi ataingia bandani kwake na viatu vyake, na kirusi hupitia humo humo.

Linaloninyima usingizi ni jingine. Maandishi hayo hayo yanataka nguruwe asichinjwe mpaka zipite siku kadhaa tangu alipokula unga huo, ili dawa isibaki kwenye nyama. Mimi niliuza wawili kwa bucha ya kitimoto Mbalizi, na asubuhi ile ile walikuwa wamekula. Mwenye bucha nimemweleza mwenyewe. Tangu siku hiyo hajanipigia simu.

Naomba mnirudishie shilingi 90,000 za pakiti zote 5. Jina la dawa na siku za kusubiri viandikwe kwa Kiswahili, usoni mwa pakiti, na hilo neno virutubisho liondoke. Wakala wenu naye aache kuuza kinga isiyokuwepo. Ulaya walishakataza antibaiotiki za kukuzia mifugo tangu 2006. Sisi hata kujua kwamba tunazilisha ni mpaka aje mtu wa kutusomea.

Pakiti 2 sijazifungua, na risiti ninayo. Mkimtuma mtu, asiingie bandani kabla ya kukanyaga maji ya dawa pale mlangoni.

Wenu,
Mfugaji, Uyole.

Nakala: Ofisa Mifugo wa Kata; Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kanda ya Nyanda za Juu Kusini.