Mdagu Unaoza kwa Chini? Weka Ndoo Pembeni Kwanza

Wengi wanaotuletea midagu iliyonyauka hapa kitaluni hutusimulia jambo lilelile: "Nilipoona majani yanapukutika, nikaongeza maji." Basi hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia.

Mdagu, ambao wengine mnauita waridi la jangwani, ni kichaka cha kwetu. Pita njia ya Voi kuelekea Mtito Andei wakati pori limekauka, utauona umejaa maua mekundu-waridi na hauna jani hata moja. Kupukutisha majani kiangazi ndiyo kawaida yake. Maji umeshayahifadhi kwenye lile shina lililovimba chini, na ndiyo unayoishi nayo mpaka mvua irudi. Ukiumwagilia kila siku wakati huo, mizizi inaoza.

Kabla hujashika ndoo, bonyeza shina kwa kidole gumba. Likiwa gumu, uache. Likiwa limesinyaa kidogo lakini halinuki, una kiu: mwagilia, kisha subiri udongo ukauke kabisa. Likibonyea kama papai lililoiva, ung'oe leo hii. Kata yote iliyogeuka kahawia kwa kisu kisafi hadi ufikie nyama nyeupe, pakaza unga wa mkaa, ulaze kivulini kama wiki moja kidonda kikauke, ndipo upande upya. Tumia mchanga mwingi wa mto, kokoto ndogo na samadi kidogo iliyooza vizuri. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Chungu kiwe na tundu.

Tafadhali vaa glavu. Utomvu wake una sumu inayodhuru moyo, ndiyo maana wawindaji waliupaka mishale. Usiuweke wanapofika watoto wadogo au mbuzi. Hili tunamwambia kila mteja kabla hajalipa.

Kazi ya kukata na kupandikiza tunaifanya hapa kitaluni, Kilifi. Tunautazama mmea kwanza ndipo tutaje bei, na kama umeoza hadi matawini tutakuambia ukweli, usitoe hela yako bure.

Tunayouza tumeiotesha wenyewe kwa mbegu. Huwa tunaletewa mikubwa iliyochimbwa porini, na tunaikataa. Shina nene kama mtungi limechukua miaka mingi kufika hapo, na ukikata mizizi yake kwa jembe, mara nyingi linaoza kabla halijashika kwenye chungu.

Ukija, njoo na mmea ukiwa ndani ya chungu chake. Tunataka kuuona na udongo pia.