Ewaso Ng'iro gani, mhariri?

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Wiki jana mliandika Ewaso Ng'iro umefurika, watu wa kando ya mto wahame, basi, hamkusema upi. Mimi niko mbali kikazi na mama anakaa Archers Post, huku Samburu kaskazini mwa Kenya, nikampigia mbio mbio nikimwambia ahamishe mbuzi usiku huo huo. Baadaye akashangaa, akaniuliza mwanangu mto gani umefurika, sisi huku tunachimba mchanga kutafuta maji ya kunywa. Kumbe habari ilikuwa ya upande wa Narok.

Ni mito miwili jamani na haikutani popote. Wetu wa kaskazini unakusanya maji ya Mlima Kenya na Nyandarua, unakata Laikipia, unapokea Ewaso Narok (huo ni ule wa maporomoko ya Nyahururu, na hauhusiani na mji wa Narok, hapo pia watu huchanganya), halafu unapita Archers, Merti, mpaka unaishia kinamasi cha Lorian, kama kilomita 700 hivi na bahari hauioni. Mvua ikizidi sana ndio maji yanavuka Lorian yanashika Lagh Dera, mkondo wa maji ya msimu, kuelekea Somalia. Ule wa kusini unatoka milima ya Mau, unapita upande wa Narok, unateremka miinuko ya Nguruman na kumwaga Ziwa Natron, Tanzania.

Jina ni la Kimaa, lugha ya Wasamburu na Wamaasai, maana yake mto wa maji ya rangi ya udongo. Mvua ikinyesha huko juu simama pale darajani Archers uone, maji yanakuja mazito kama uji wa wimbi, yanasukuma magogo, na yakipungua yanaacha tope limepasuka pasuka chini ya mikoma. Wamaasai wa kusini nao waliona maji ya namna hiyo wakayaita vile vile, sasa nani abadilishe? Hata serikali 1989 iliunda mamlaka mbili za maendeleo, moja ya Kaskazini na moja ya Kusini, sasa gazeti linashindwa nini kuongeza neno moja?

Na muandike ng' ile ya ng'ombe, sio "Nyiro".

Ombi langu ni hilo, Kaskazini au Kusini, na mji wa karibu, hasa habari ikiwa ya mafuriko. Mama alikuwa ameshaanza kuamsha watoto wa jirani wamsaidie na mbuzi kabla hajaenda kuchungulia mto mwenyewe na tochi.

Msomaji wenu, mwana wa Archers Post