Mama Glory, lile swali lako kuhusu damu ya Eliya

Unga Limited, Arusha
Jumapili jioni

Mpendwa Mama Glory,

Habari za Moshi? Juzi kwenye simu uliniuliza kwa nini damu ya Eliya imechelewa kupanda, nikakujibu juujuu kwa sababu baba yake alikuwa pale pale. Leo kaenda mpirani, naandika.

Unakumbuka alivyokuwa anakula udongo? Si ule wa sokoni tuliotafuna tukiwa wajawazito. Huyu alikuwa anachota mlangoni, chini ya meza ambayo baba yake anapasulia betri za magari. Ukimfunua kope, ndani kweupe. Kliniki wakapima: damu 7.9, na mtoto wa miaka mitatu anatakiwa walau 11. Nikapewa dawa ya maji ya kuongeza damu. Choo kikawa cheusi, nikafurahi, dawa inafanya kazi! Kumbe namnywesha na chai, na chai inazuia chuma kisiingie mwilini.

Mwezi ukaisha, 8.3 tu. Daktari mmoja kijana akauliza kazi ya baba. Niliposema betri, akaweka kalamu chini. Akachukua damu nyingine, ikapelekwa mbali, wiki tatu tunasubiri. Majibu: mtoto ana risasi mwilini, 14. Mama mkwe akaruka, "Risasi? Nani kampiga mjukuu wangu?" Nilicheka huku nalia.

Ni yale madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri. Mwili wenye njaa ya chuma unafungua mlango wa utumbo ukitafuta chuma, na risasi inapita mlango huohuo. Ndiyo maana mtoto mwenye upungufu wa damu anafyonza risasi kuliko mwenzake, hata wakichezea vumbi moja. Mimi nilidhani risasi ndiyo iliyomaliza damu. Daktari akasema hapana, kwa kiwango kile damu ilishuka hasa kwa kukosa chuma; risasi inaogopewa kwa ubongo, mtoto asije akawa mzito wa kushika masomo. Dawa za kuitoa hupewa wenye 45 kwenda juu. Sisi tuondoe betri, tumlishe.

Kuondoa betri, mwenzangu! Baba Eliya akasema yeye kakulia kwenye betri na hajafa. Tulinuniana siku nne. Ya tano akaenda mwenyewe kukodi kibanda barabarani, bila kunitazama. Siku hizi ovaroli anaivua nje, naifua peke yake. Ndani sifagii vumbi kavu, napiga deki. Dawa anakunywa na juisi ya chungwa, mnafu naukamulia limau. Maini anatema, anataka chipsi. Wiki iliyopita damu yake imefika 10.2.

Sasa na mimi nikuulize. Yule mpangaji wako wa uani, nilipokuja Krismasi alikuwa na karai kwenye moto na Glory amechuchumaa pembeni. Anayeyusha nini mle?

Wako,
Mama Eliya