Nani atalinda mlango? Barua ya wazi kwa Waziri wa Ulinzi

Mheshimiwa Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa,

Nakuandikia kwa heshima, mimi dada wa askari aliyerudi kutoka Kongo mzima wa viungo.

Mdogo wangu alikuwa Kivu Kaskazini, kulinda amani. Siku moja alishikwa na malaria, rafiki yake akaichukua zamu yake ya doria, na hakurudi. Tangu aje nyumbani, mdogo wangu analala sebuleni, uso ukielekea mlangoni. Sufuria ikianguka jikoni, wanawe hunyamaza wote na kumtazama.

Tulimbembeleza akaenda kupata ushauri nasaha. Mshauri alikuwa kijana mpole, na nia yake siitilii shaka. Alimkalisha akiwa ameupa mlango mgongo, akamwambia afumbe macho na avute pumzi taratibu. Mdogo wangu alipogusia habari ya rafiki yake, akajibiwa papo hapo: si kosa lako. Hakwenda tena. Nilipomuuliza kulikoni, alisema, “Dada, naambiwa nifumbe macho. Nani atalinda mlango?”

Mheshimiwa, tiba ya mazungumzo huponya wengi. Lakini raia aliyenusurika ajali ya basi hubeba hofu. Askari mara nyingi hubeba hofu na hatia juu yake, kwa sababu alitoa amri, au alifyatua risasi, au alibaki hai. Hatia hiyo haitoki kwa kuambiwa huna kosa. Inabidi arudishwe pole pole mpaka asubuhi ile. Ulikuwa unajua nini saa hiyo? Nani alipanga doria? Kwa homa ile, ungeweza hata kubeba bunduki? Jibu akilitoa mwenyewe, ndipo litakapokaa.

Mfano hauko mbali. Mashariki mwa Kongo kwenyewe, wapiganaji wa zamani wamepewa tiba ya kusimulia maisha. Kamba hutandazwa sakafuni, ikianzia kuzaliwa: maua ni siku njema, mawe ni siku mbaya, vijiti ni ukatili alioutenda mwenyewe. Kisha husimulia kwa mpangilio, hadi lile jiwe lipate siku yake na mahali pake, liache kuwa jambo la usiku wa leo. Kaskazini mwa Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wenyeji wasio madaktari, wakifundishwa na kusimamiwa, waliweza kuwasaidia kwa tiba hiyo vijana waliowahi kuwa askari watoto. Sisi tuna maaskari wastaafu wanaojua lindo la saa nane usiku lilivyo. Wafundisheni.

Muda nao uangaliwe. Askari huhamishwa, na kikao kimoja kwa wiki hukatikia njiani. Kule kambi ya jeshi ya Fort Hood, Marekani, wanajeshi walipewa vikao 10 vya tiba ya mazungumzo ndani ya wiki 2, na matokeo hayakuwa duni kuliko ya wenzao waliopewa vikao hivyo kwa wiki 8. Likizo moja inatosha kwa kazi hiyo.

Yote haya ni bure, hata hivyo, kama askari anaamini maneno yake yatafika kwa mkuu wake na kumnyima cheo au safari inayofuata. Hili ndilo ombi langu kubwa. Itolewe amri ya maandishi, kwamba yanayosemwa kwenye kikao hayaingii kwenye faili la kazi, isipokuwa uhai wa mtu uko hatarini. Na amri hiyo isomwe gwarideni, kila kikosi, askari waisikie kwa masikio yao.

Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilishambuliwa; vijana wetu 15 waliuawa, zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Waliokufa tuliwazika kwa heshima. Waliotoka hai wamo makambini na vijijini mwetu, na wengi hawatakuja kubisha hodi kuomba msaada.

Mdogo wangu amekubali kujaribu tena. Ametoa sharti moja tu: kiti chake kiutazame mlango.

Wako,
Dada wa askari
Morogoro